Kimya Nilichokivunja Klabuni Kwenu

Bredäng, Jumamosi mchana

Mwanangu Mapendo, mama yangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Sasa hivi umemaliza sambusa zote ukiwa umesimama, ukaniambia "hejdå, papa" mguu mmoja ukiwa tayari nje, ukashuka kwenda Skärholmen kutafuta begi ambalo magurudumu yake hayapigi kelele. Mama yako yuko kazini kwa wazee anaowatunza mpaka jioni. Nyumba imenyamaza, nami nimekaa mezani jikoni na kalamu.

Mambo ya pasipoti, ya dawa za kichwa, ya soksi za sufu, mama yako amekwisha kukuambia na kesho atarudia. Hayo siyagusi.

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utasoma polepole, kidole juu ya mstari, kama ulivyokuwa ukisoma Zaburi shule ya Jumapili. Kwa Kiswidi mimi ni mtu wa maneno machache. Naomba funguo za madarasa ninayosafisha, nauliza ndoo iko wapi, nashukuru. Shule sikusoma sana, unajua. Lakini kwa Kiswahili mimi ni baba yako mzima, na nataka kesho uondoke na huyo mzima, siyo yule wa ndoo.

Juzi tukiwa tunakula uliniuliza, "Papa, kusema kweli, ni nini kilikubadilisha?" Nikajibu, "Mungu alisema nami." Ukamtazama mama yako, mkacheka wote wawili. Mlidhani nakwepa. Sikukwepa, mama. Nilikuwa sijamaliza tu. Habari yenyewe ina aibu ndani yake, na aibu haisemeki vizuri mtu akiwa na ugali mdomoni.

Turudi nyuma kidogo. Majira ya baridi, ile klabu ya Ujerumani ilipokuandikia kwamba inakutaka kwa mwaka mzima, uwafundishe watoto wao mpira wa mikono na ukae golini kwa timu yao ya wanawake, ulikuja kwangu ukiwa umeshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika ndege. Una miaka kumi na tisa. Sheria ya Sweden haikukutaka uniulize chochote. Lakini wewe ulisema, na ulisema kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanyi kila siku: "Papa, mimi siendi kama hujaniwekea mikono."

Mama yako aliacha kukoroga chungu.

Nami nikasema hapana. Nikasema, kwa kuwa wanacheza Jumapili. Nikasema mtoto wa nyumba hii hatakwenda nchi ya mbali kuikanyaga siku ya Bwana kwa ajili ya mpira. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani kama mshindi. Na siku zilizofuata ukawa unaosha vyombo bila kufungua redio. Hukunifokea. Hukufunga mlango kwa nguvu. Ungefanya hivyo ningejua namna ya kukujibu.

Sasa ukweli. Jumapili ilikuwa kisingizio. Kilikuwa kisingizio kizuri sana, kwa maana nani atabishana na Jumapili? Mimi ninayeongoza maombi ya Ijumaa kanisani, ninayewaambia watu kila wiki wasiogope, nilikuwa naogopa, nikamtanguliza Mungu mbele yangu ili aseme yeye hapana badala yangu. Lisilo jema ni hilo. Kumkatalia mtoto hutokea. Kumkatalia kwa kinywa cha Mungu, wakati Mungu hakunituma, hilo lina uzito wake.

Niliogopa nini? Niliogopa mtu wetu kubeba mzigo na kuufungua mlango. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kuhusu baba yako mdogo, Bahati, nikakwambia "alipotea vitani", ukarudi kwenye katuni zako. Sikukwambia alivyoondoka. Aliondoka asubuhi, pale Uvira, anacheka, ana kibegi begani, anamwambia mama yetu amwekee samaki. Mama akamwekea. Samaki alikaa mpaka akaharibika, na mama akakataa kumtupa. Mpaka leo hatujui Bahati alilala wapi. Tangu hapo, mtu wa nyumba hii akiondoka, mimi chakula hakinipiti. Hata mama yako akienda kwa dada yake Fisksätra nasubiri anipigie kwamba amefika. Mlidhani ni wivu. Mama yako alikuwa akinitania, "Papa Mapendo, nani ataniiba mimi na magoti haya?"

Basi ni mama yako aliyekata shauri. Alisema, "Nenda naye ukapaone. Ukirudi ukasema hapana, nitanyamaza mimi, na nitamnyamazisha na yeye." Ndiyo maana tulisafiri wakati ule wa majaribio yako. Unakumbuka treni ilipoingia tumboni mwa meli pale Denmark? Niliomba kimoyomoyo tangu magurudumu yalipogusa chuma. Wewe ulikuwa unakula chipsi.

"Papa, ni kawaida."

"Kawaida kwa nani?"

"Kwa treni."

Ulinichekesha, lakini sikukuonyesha. Nilikuwa bado nimekasirika na Jumapili yangu.

Tukafika kwenye ule mji wenu, ambao ukipiga chafya kituoni wanakuombea afya kwa mwokaji mikate. Barabara moja, kanisa moja, kiwanda cha brashi kilichofungwa zamani, na ukumbi wa klabu mkubwa kuliko kanisa. Hilo la mwisho sikulipenda. Ukavaa viatu vyako ukaingia uwanjani, nami nikakabidhiwa kwa Hannelore.

Unamjua, utaishi nyumbani kwake. Lakini wewe umemjua kama bibi mfupi mwenye nywele nyeupe na fimbo asiyoitembelea bali anaelekeza nayo watu. Mimi nilimjua kwa namna nyingine. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya nyumbani kwa familia moja huku Sweden, kwa hiyo ana Kiswidi, Kiswidi cha zamani, anachokitoa polepole kama mtu anayetoa vyombo vya wageni kabatini. Nami nina changu cha ndoo. Tukaelewana.

"Jioni hii ni mkutano mkuu wa klabu," akaniambia. "Njoo, Elias, uone tunavyogombana."

Nikaenda. Wewe ulikuwa bado uwanjani na wenzako, nyuma ya ukuta, nikisikia mpira unavyogonga. Chumba kilijaa watu, meza ndefu, glasi za bia, soseji, vikombe vya ushindi kwenye kabati la kioo. Nikapewa maji ya tofaa. Mwenyekiti, yule Uwe mnene mwenye koti la klabu, akasimama. Watu wote wakasimama. Akasoma majina kadhaa kwenye karatasi, jina kwa jina, taratibu. Kisha akainamisha kichwa. Akanyamaza.

Sasa, mama, wewe umekulia kanisani kwetu. Kiongozi akisimama mbele ya watu, akainama, akanyamaza, maana yake nini? Maana yake ameachia nafasi. Anangoja mwingine apokee. Na ukimwacha pale kimya kinarefuka, umemwaibisha. Mara ngapi Mchungaji amenyamaza na mimi au Mama Wanjiru tumepokea kabla kimya hakijapoa?

Nikangoja. Hakuna aliyepokea. Nikafungua jicho moja, nikaona vichwa vyote vimeinama na midomo imefungwa. Uwe wa watu amesimama pale, uso umemwiva, maneno yamemwishia mbele ya watu wake, na chumba kizima hakuna wa kumshika mkono. Nilimhurumia, Mapendo. Nilimhurumia kweli.

Nikapokea.

Unajua ninavyoomba. Nilianza chini. "Bwana wa majeshi, tumesimama mbele zako katika nyumba hii." Kisha ikapanda. Niliombea paa, niliombea watoto, niliombea magoti ya wachezaji kwa sababu ulinieleza habari za magoti. Nikasema haleluya, hakuna aliyejibu, nikadhani ni kanisa kavu, nikaongeza sauti ili niwawashe. Nikaombea waliojenga nyumba hii. Nikaombea waliotoka mlango huu na hawakurudi, na hapo, sijui ilikuwaje, nikamwona Bahati na kibegi chake, sauti ikakatika, nikalia. Nililia mbele ya Wajerumani na soseji zao. Nikajikusanya, nikamaliza, nikasema amina.

Sauti moja tu ikajibu, "Amen." Ilikuwa ya Hannelore.

Nikafungua macho. Mama yangu! Kijana mmoja alikuwa anauma mdomo mpaka umekuwa mweupe. Uwe alikuwa amenitazama kama mtu aliyemkuta ng'ombe sebuleni. Hannelore akanivuta koti. "Keti," akaninong'oneza. "Ilikuwa dakika ya kimya. Kwa marehemu wetu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wale watu walikuwa wamesimama kimya kwa heshima ya wafu wao, na mimi nimewapigia kelele za Ijumaa kwa lugha wasiyoijua. Na kilichonichoma zaidi ni wewe. Nilifikiri, nimemharibia. Nimetafuta sababu ya kumkatalia wiki zote hizi, na sasa nimewapa wao sababu ya kumkatalia. Na kwa ajabu, mwanangu, wazo hilo lilipopita halikunifurahisha hata kidogo. Lilinitia uchungu. Ndipo nikajua kwamba mahali fulani ndani yangu nilikuwa tayari nataka uende.

Walipopumzika kidogo nikachukua koti nikatoka. Nilitaka nikungojee nje, kwenye baridi, ninakostahili. Hannelore akanifuata na fimbo yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nimewaaibisha."

"Umetuamsha. Uwe hajawahi kuwa macho namna hiyo kwenye mkutano. Njoo huku. Kabla hujakimbia, lazima ujue umemwombea nani."

Akanipeleka kwenye ule ujia wa picha unaoupita kila mara ukienda kubadilisha nguo. Najua hujazitazama. Kijana hatazami picha za wanaume wenye masharubu. Kesho kutwa ukifika, zitazame. Nakuandikia alichonieleza ili uwe unajua unaingia nyumba ya nani.

Picha ya kwanza, wanaume wa nguo nyeupe wamepandiana mabegani kama ngazi. Hao walikuwa vibarua wa kiwanda cha brashi. Walianzisha klabu kwa sababu kutwa nzima waliinama mezani, migongo ikapinda, wakataka kuinyoosha. Hannelore akacheka. "Wanawake hawakuruhusiwa. Ila keki zao ziliruhusiwa." Picha ya pili, vijana wengi; ya tatu, wale wale lakini wachache, maana vita vya kwanza vilikuwa vimepita katikati. Uwanja ukalimwa viazi kwa njaa. Kisha mpira ukarudi, wanawake wakaingia kwa nguvu, na klabu ikanenepa.

Halafu akasimama kwenye picha ya mtu mmoja mwenye miwani, ameshika mpira wa ngozi.

"Huyu ni Julius. Alikuwa na duka la viatu. Kila mtoto wa mji huu aliyecheza, alicheza na viatu alivyopewa na Julius. Alikuwa Myahudi." Akafuta vumbi kwenye kioo. "Siku moja wakaitisha mkutano, ndani ya chumba kile ulichoombea. Wakauliza, nani anataka Julius aondolewe? Wakainua mikono. Wote. Baba wa mume wangu aliinua wake. Julius mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Akachukua kofia yake, akatoka. Baadaye polisi walikuja kumchukua yeye na mke wake nyumbani. Hawakurudi."

Nimeona mikono ya namna hiyo kwetu Uvira, kabla ya vita, nayo ilianza hivyo hivyo, kwenye mikutano midogo ya watu wapole waliosalimiana vizuri.

Akaniambia kwamba vita vya pili vilipokwisha, klabu haikumtaja Julius tena. Miaka ikaenda. Walisherehekea, walikata keki, walisoma majina ya wafu wao, la Julius halimo. Hannelore alipochaguliwa kuwa mwenyekiti, wa kwanza mwanamke, alisema jina lake litasomwa kila mwaka, na litasomwa la kwanza. Waligombana vibaya. Wengine walirudisha kadi zao wakahama. Mume wake mwenyewe alilala chumba kingine kwa muda kwa sababu ya baba yake. Lakini likasomwa. Na ndilo Uwe alilolisoma jioni ile, la kwanza, kabla hajainama.

"Kila mwaka tunasimama kimya kwa ajili yake," Hannelore akasema. "Kimya chetu ni kizuri, kimenyooka. Lakini nimekuwa nikijiuliza kama hakitoshi, maana hata siku ile walikuwa kimya. Wewe ni mtu wa kwanza kumlilia Julius kwa sauti ndani ya chumba kile."

Nikamwambia kweli. Nikamwambia sikumlilia Julius, nilimlilia mdogo wangu. Nikamweleza habari za samaki.

Akatikisa kichwa. "Basi walikuwa wawili," akasema. "Nafasi ilikuwepo."

Picha ya mwisho aliyonionyesha ni ya ukumbi ule wa mazoezi, lakini sakafuni kumejaa magodoro, na juu yake zinaning'inia zile pete za kubembea. Akagonga kioo kwa fimbo. "Huyu mdogo mwenye kilemba ni mimi." Nikainama kutazama. Kumbe Hannelore alikuwa mkimbizi, Mapendo. Vita vya pili vilipokwisha walitoka mashariki, yeye na mama yake, kwa miguu, kwenye theluji, wakafika mji ule na mamia wengine, wakalazwa katika ukumbi wa klabu. Watu wa mji hawakuwapenda. Waliwaita walaji wa viazi vya wenyewe. Wanamichezo walinuna kwa sababu hawana tena pa kufanyia mazoezi.

"Ni nini kilibadilika?" nikamwuliza.

"Mwalimu mmoja wa klabu alikuja asubuhi, akaangalia magodoro, akaangalia pete. Akampa mama yangu ufagio. Akamwambia, tukifagia pamoja kila asubuhi, watoto wa pande zote watabembea mpaka saa ya chakula. Mama alilia siku ile. Nikafikiri amemtukana. Kumbe alikuwa anafurahi. Tangu tufike, watu walikuwa wakimletea mkate na kuondoka haraka kama kwa mgonjwa. Yule alikuwa wa kwanza kumwambia 'pamoja'."

Mwanangu, niliposikia hayo nilikumbuka Bredäng, mwaka wetu wa kwanza. Wewe hukumbuki, ulikuwa na meno mawili. Waliweka tangazo kwenye ngazi: siku ya kusafisha ua, wakaaji wote wanakaribishwa. Mzee wa ghorofa ya chini akagonga mlango na reki mkononi, anatabasamu, ananipa. Nikamfungia mlango. Nilichukia, usiseme. Nilimwambia mama yako, "Wiki nzima nawasafishia shule zao, na Jumamosi nifagie majani yao? Wameniona mtumwa?" Nikakaa dirishani nyuma ya pazia nikiwatazama. Walifagia, halafu wakachoma soseji, wakacheka, watoto wakakimbizana. Mwaka uliofuata hakugonga. Na mimi kwa miaka nikasema Waswidi ni watu wa baridi, hawakaribishi mtu. Mzee wa watu alinikaribisha. Nilidhani mgeni hukaribishwa kwa kiti. Hapa hukaribishwa kwa reki.

Kwa hiyo nikuombe jambo. Klabu ile ina desturi, kila mwanachama ana zamu ya kazi: kukata majani, kupaka rangi benchi, kuoza keki siku ya mechi. Naandika vibaya, kuoka. Wakikupa kazi hiyo usifikiri ni kwa sababu ya rangi yako. Uwe mwenyewe anasafisha vyoo siku yake ikifika, nilimwona asubuhi tulipoondoka, ameshika brashi, akanipungia nayo. Chukua ufagio. Na keki peleka, lakini peleka mandazi ya mama yako, washike adabu.

Na jambo la pili, hili ni zito zaidi. Ni watu wazuri, nimewaona. Hata wale wa wakati wa Julius walikuwa watu wazuri, walimpenda, walivaa viatu vyake. Siku yoyote, popote, Ujerumani au hapa au kanisani kwetu, wakikuambia inueni mikono tumtoe fulani, wewe wa kwako uuache mapajani. Hata kama huyo fulani humpendi. Hata kama mkono wako uko peke yake chini na unaona aibu. Na wakiinua dhidi yako, chukua kofia yako uje nyumbani, usingoje waje wao. Huku hakuna atakayekuuliza kwa nini umerudi. Mlango huu si wa washindi tu.

Unataka kujua na ile Jumapili iliishaje? Nilimwuliza Hannelore. Nilikuwa bado nimeshikilia kipande cha mwisho cha kisingizio changu. Nikasema, "Lakini mnacheza Jumapili."

Akanitazama. "Saa kumi na moja jioni. Mungu ana asubuhi nzima. Anahitaji ngapi?"

Nilicheka, Mapendo. Nilicheka kwenye ujia ule mpaka wewe ukatoka uwanjani na taulo shingoni, jasho linakutoka, ukanikuta nacheka na bibi wa watu. Ukauliza, "Papa, kocha anasema umehubiri. Umefanya nini?" Nikakwambia, "Tumesalimiana tu." Sasa umejua salamu zenyewe.

Na Uwe? Uwe alinijia mwisho wa mkutano, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi ya Kijerumani. Hannelore, ambaye nilikuwa nimemweleza niliyoyaomba naye akamsimulia, akanitafsiria moja tu: "Anauliza, yale magoti uliyataja kwa jina? Maana lake la kushoto linauma."

Ndivyo Mungu alivyosema nami. Sikusikia ngurumo. Nilifanya kosa mbele ya watu, nao wakanionyesha makosa yao, makubwa kuliko langu, wameyatundika ukutani ili watoto wayaone. Nikafikiri, watu wanaoweza kumwonyesha mgeni picha ya aibu yao, naweza kuwaachia mwanangu kwa mwaka mmoja. Kwenye treni ya kurudi sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nimelala. Wewe ulidhani nimenuna. Nilikuwa nalala kama sijalala tangu barua yao ifike.

Tuliporudi nilikwambia "nenda", na ulinikumbatia, lakini mikono sikukuwekea, nawe hukuniuliza tena. Nilikuona ukingoja. Nilitaka kwanza uijue habari hii yote, usije ukapokea baraka ya mtu ambaye hujui kwa nini alikunyima. Barua hii nitaiweka kwenye mto wako. Uisome leo, usingoje treni. Ukiona bado una neno na mimi, niamshe.

Kama huna, kesho asubuhi kabla ya chai tutasimama sebuleni sisi watatu. Nitakuwekea mikono kichwani, ninavyopaswa, nami nitaomba kwa sauti, na jirani wa juu kama kawaida atagonga bomba. Aache agonge. Lakini nayaandika maneno na hapa, ili uwe nayo siku ambayo hunisikii.

Mapendo, jina la mama yangu, mwana wa nyumba yangu. Mikono yako ibarikiwe, ile inayodaka na ile inayoosha vyombo. Kuingia kwako kwao kubarikiwe, na kutoka kwako kwetu kubarikiwe. Upendwe pale bila kuomba kupendwa. Ukicheka, ucheke na watu. Ukilia, alie mtu na wewe, kwa sauti. Mungu asiwe kisingizio chako, awe baba yako, na mimi niwe msaidizi wake tu, wa zamu. Nimekuachilia. Sikukuachilia kwa kuwa nimeshindwa, wala kwa kuwa mama yako alisema. Nimekuachilia kwa furaha, jina la Yesu, amina.

Kwenye kituo mama yako atalia. Usitishike, kila mtu analia pale, ni upepo wa treni. Mimi nitakupungia mpaka behewa la mwisho lipite, kisha nitamshika mkono tuje nyumbani, na nimemwambia atoe samaki wa jokofu tangu leo, tutawapika kesho mchana tuwale wote, wala hatutamwekea mtu. Maisha yangu yote, mtu wetu akiondoka nimeshindwa kula. Kesho nitakula, mama. Nina njaa tangu sasa.

Papa yako,
Elias